Pindo la Baibui: Mhadhara juu ya Udhaifu wa Mifupa na Kinga Yake



Nimetakiwa niseme juu ya maradhi ambayo matabibu huyaita osteoporosisi, na ambayo katika mitaa yetu hayana jina kabisa. Na kwa kuwa jambo lisilokuwa na jina ni taabu kuliogopa, naomba ruhusa nianze kwa habari ya nguo.

Mama yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa mwanamke mrefu, na urefu wake aliupenda. Alikuwa na mabaibui mawili ya heshima yaliyoshonwa na fundi mmoja wa mtaani kwetu, huko Mji Mkongwe wa Unguja, fundi ambaye sikupata kusikia kwamba alimkosea mtu kipimo. Alipotimia umri wa miaka 65 hivi, baibui lilianza kuburura chini. Yeye alikilaumu kitambaa, akasema vya siku hizi hulegea vikifuliwa, akalipeleka kwa fundi, naye akalikunja pindo kiasi cha kidole kimoja. Haukupita mwaka na nusu, pindo likafagia tena vumbi la njia. Fundi akakunja kidole kingine, na safari hii akatania: "Bimkubwa, kitambaa gani hiki kinachokua kama mtoto?" Sote tuliokuwapo tulicheka, na katika waliocheka alikuwamo kijana mmoja aliyekuwa mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari, ambaye leo ndiye anayesimama mbele yenu kuwahutubia. Hata mmoja wetu hakufikiri kwamba kitambaa kilikuwa kile kile, na kwamba aliyefupika ni mvaaji.

Alfajiri moja, akitoka kutia udhu, aliteleza kizingitini. Hakuanguka kwa kishindo. Aliketi chini kwa ghafula, kama mtu aliyedhani pana kiti kumbe hapana, na mfupa wa paja ukakatika karibu na nyonga. Alilala miezi minne kabla ya kusimama, na aliposimama ilikuwa kwa gongo, wala hakushuka tena ngazi za nyumba yake kwa miguu yake mwenyewe. Majirani waliokuja kutupa pole walisema lile tunalolisema sote katika hali kama hiyo: "Ndiyo uzee huo." Mimi sikuwa na la kuwajibu siku ile. Jawabu langu nimelileta leo, nami naona haya kwamba limechelewa: ule haukuwa uzee, wala haikuwa ajali, ulikuwa ni ugonjwa, wenye sababu zinazojulikana na kinga inayowezekana, na ulikuwa umetupigia hodi mara mbili kwa fundi wa nguo.

Uzee tumezoea kuujua kwa mvi. Lakini wasomaji wa Sura ya Maryam watakumbuka kwamba Nabii Zakaria, alipomnong'oneza Mola wake habari za ukongwe wake, aliitanguliza mifupa, na kichwa chenye mvi akakitaja baadaye. Sisi tumeugeuza mpango huo: mvi tunazipaka hina, na mifupa hatuikumbuki mpaka ilie.

Mtu akiutazama mfupa wa mbuzi sahanini hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu, kilichokwisha, kama jiwe la msingi ambalo likishatiwa halihitaji kuangaliwa tena. Dhana hiyo ndiyo mama wa makosa yetu yote katika jambo hili. Mfupa ulio hai una damu na una mishipa, na ndani yake mna kazi isiyokoma usiku wala mchana, maana mna chembe za aina mbili, moja zikibomoa sehemu zilizochakaa na nyingine zikijenga mahali pale pale, hata wataalamu hukadiria kwamba kwa muda wa miaka kama 10 hivi mtu mzima huwa amejengewa upya mifupa yake yote, bila ya yeye kusikia hata nyundo moja. Katika jasadi ya mtu mzima mna kiasi cha kilo moja ya madini ya kalsiamu, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika chokaa, na katika kila sehemu 100 za madini hayo, 99 zimo katika mifupa na meno. Ile sehemu moja iliyobaki huzunguka katika damu na misuli, na bila ya hiyo moyo haupigi. Sasa damu ikipungukiwa haingoji mpaka mwenyewe ale chakula kizuri. Hupiga mlango wa ghala, ambalo ndilo mifupa, ikachukua haki yake siku ile ile. Mifupa nayo haikatai, wala haimwambii mwenye nyumba kwamba ghala linapungua.

Nimekuja na vitu viwili kutoka jikoni kwangu. Huu ni mfupa wa paja la kuku nilioutia katika siki muda wa siku kadhaa, na kila siku nikaibadilisha siki. Tazameni: naukunja, nao unakunjika kama mpira, kwa sababu siki imeila chokaa yote na kuziacha zile nyuzi za protini. Na huu wa pili niliuchoma katika jiko la mkaa mpaka ukawa mweupe. Umbo lake limesalia vile vile, mwenye kuutazama atasema ni mzima, lakini nikiubana kwa vidole viwili tu... mmeusikia. Hapa nyuzi zimeungua, imebaki chokaa peke yake. Basi mfupa umejengwa kama nyumba zetu za shamba, ambazo fito huzuia udongo na udongo huzuia fito, na kimoja bila ya mwenzake si ukuta. Katika maradhi ninayoyasema leo, huondoka fito na udongo pamoja, kidogo kidogo, na mahali pake hubaki tundu, hata mfupa ukikatwa ukatazamwa ndani, ule wa mtu mwenye siha ni kama mkate wa boflo uliookwa vizuri, wenye vijitundu vidogo vidogo vilivyosongamana, na ule wa mgonjwa ni kama boflo lililopanda kupita kiasi, matundu makubwa na kuta nyembamba. Chokaa ikikosekana peke yake ilhali fito zipo, hayo ni maradhi mengine, nayo kwa watoto wetu ndiyo matege.

Ilimu ya mambo haya si ya jana. Katika miaka ya 1820 mpasuaji Astley Cooper wa London alikwisha kuandika kwamba kuvunjika kwa paja karibu na nyonga ni balaa ya wazee, na ya wanawake zaidi. Katika miaka ya 1830 Jean Lobstein wa Strasbourg akayapa maradhi jina lake, ambalo maana yake ni mfupa wenye vitundu. Na mwaka 1941 tabibu Fuller Albright wa Boston akaonyesha kwamba wengi katika wanawake waliosagika pingili za mgongo walikuwa wamekwisha kukoma hedhi. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha kuyatambua mwaka 1994. Basi tusidhani ni uzushi wa siku hizi uliobuniwa na wenye kuuza vidonge.

Ipo hujja ambayo huletwa kila nisemapo habari hizi, na wenye kuileta si wajinga: husema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, sisi Waafrika mifupa yetu ni migumu. Hujja hii ina asili, nami sitaificha. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alitangaza uchunguzi wake wa Johannesburg, akaonyesha kwamba kuvunjika nyonga kulikuwa nadra sana kwa Waafrika wa huko ukiwalinganisha na watu wa Ulaya. Na huko Gambia, katika kijiji cha Keneba, uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba wanawake waliokuwa wakila kalsiamu kidogo mno, pengine theluthi tu ya ile inayousiwa, hawakuwa wakivunjika kwa wingi kama ilivyotarajiwa. Hayo ni kweli. Lakini tuulize, kwa insafu, watu wale walikuwa nani? Walikuwa watu waliochota maji wakayabeba kichwani, waliotwanga kwa kinu, waliokwenda shamba kwa miguu na kurudi kwa miguu, waliopigwa na jua la kutosha kila siku ya maisha yao. Na tuulize tena, ni wangapi waliofika umri wa kuvunjika? Zama za uhuru wetu, mtoto aliyezaliwa Tanganyika alitazamiwa kuishi umri usiofika miaka 50. Leo umri huo umevuka 60. Nalo la tatu, ambalo mimi nalitilia uzito zaidi kuliko wengine wanavyofanya: mzee aliyevunjika nyonga kijijini mwaka 1960 hakuandikwa katika daftari lolote la hospitali, alifungwa vipande vya mianzi na mganga wa mifupa, akalala ndani, akafa kwa homa ya mapafu au kwa vidonda vya ubavuni, na katika matanga ikasemwa kwamba amekufa kwa uzee. Mwenye kuhesabu makaburi kwa daftari la aina hiyo hukosa hesabu.

Na sisi wa leo ndio wale? Maji yako bombani, unga unatoka mashineni, na shule na sokoni tunakwenda kwa bodaboda hata kama ni hatua mia mbili. Tumeurithi ugumu wa mifupa ya babu zetu, tukaziacha kazi zilizoufanya uwe mgumu. Wataalamu hukadiria kwamba duniani, katika wanawake waliopita miaka 50, mmoja katika kila 3 atavunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu huu, na katika wanaume mmoja katika kila 5. Hata tukijipunguzia hesabu hiyo nusu kwa heshima ya wazee wetu, bado katika chumba hiki yumo.

Mwanamke ndiye anayekabiliwa zaidi, na sababu yake haina siri. Homoni iitwayo estrojeni, ambayo hutoka katika vifuko vya mayai ya uzazi, ndiyo inayowazuia wale wabomozi wasipite mpaka wao. Hedhi inapokoma, na aghalabu hukoma karibu na miaka 50, mlinzi huyo huondoka, na katika miaka mitano mpaka saba ya mwanzo mwanamke huweza kupoteza sehemu 10 mpaka 20 katika kila 100 za mifupa yake. Aliyekomewa kabla ya miaka 45, au aliyeondolewa vifuko vya mayai ya uzazi kwa upasuaji, huanza kupoteza mapema, naye ni wajibu wake kumwuliza tabibu. Mwanaume hana ukomo wa namna hiyo, hupungua polepole. Bali akivunjika nyonga, yeye ndiye anayekufa upesi zaidi, na kwa kuwa anadhani maradhi haya ni ya wanawake, humjia hali ya kuwa hakujiandaa.

Lakini nataka nirudi nyuma, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, kwani huko ndiko kwenye shina la maneno yangu. Tangu utotoni mpaka umri wa miaka 30 hivi wajenzi wa mifupa huwashinda wabomozi, na kile kilichokusanywa wakati huo ndicho mtu atakachokitumia maisha yake yote. Na katika muda huo wote hakuna kipindi kizito kama kubalehe: robo nzima ya mifupa ya utu uzima hupatikana katika miaka miwili tu, ambayo kwa msichana ni baina ya miaka 11 na 14 hivi. Sasa, sisi watu wa pwani, msichana akivunja ungo tunamwambia nini? Tunamwambia: sasa wewe ni mkubwa, tulia, acha kurukaruka. Jana alikuwa akiruka kamba uani na kucheza nage na wenzake mpaka magharibi, leo ameketishwa. Na kuruka huko, mabibi na mabwana, ndiko hasa kunakojenga mfupa, maana mfupa hutii mzigo: unapobebeshwa huongezeka na unapostareheshwa hupungua. Mjerumani Julius Wolff alilieleza jambo hili mwaka 1892, na ukitaka ithibati ya karibu, mkono wa mcheza tenisi unaoshika kigoe una mfupa mnene kuliko mwenzake. Ukitaka ya mbali, watazame wanaanga, ambao huko juu miili yao haina uzito, wakapoteza kiasi cha sehemu moja katika 100 za mifupa ya nyonga kila mwezi, nao ni watu waliochaguliwa kwa afya zao. Tunapomketisha binti wa miaka 13 kwa jina la adabu, tunamfanya mwanaanga pasipo chombo. Mimi sisemi achezee barabarani. Nasema adabu ina nafasi yake na kamba ina nafasi yake, na ua uliozungushiwa ukuta unavitosha vyote viwili.

Na ua huo unanifikisha kwenye jua, jambo ambalo wengine huligusa kwa ukali na wengine huliogopa kabisa. Kalsiamu haiingii mwilini vizuri ila kwa msaada wa vitamini D, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo haitoki katika chakula; hutengenezwa katika ngozi yetu wenyewe ikipigwa na jua. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi wa jua kuliko nyeupe kuifanya kazi hiyo, na ngozi iliyofunikwa haiifanyi. Watokao nje hunena: basi ni makosa ya baibui. Hasha. Bibi zetu walivaa baibui, na wengine barakoa juu yake, walakini nyumba zao zilikuwa na ua wa ndani, na katika ua ule, saa nne ya asubuhi, mwanamke alikaa na kanga moja, mikono wazi na kichwa wazi, akichambua mchele, akikuna nazi, akisukwa nywele na mwenziwe, na jua likimpiga bila ya jicho la mtu asiyehusika. Baibui lilikuwa la njiani tu. Mjukuu wake leo anakaa ghorofa ya tatu katika vyumba viwili, ua hakuna, jua linalomfikia linapita katika kioo cha dirisha, na kioo huizuia miale ile ile iliyotakiwa. Stara haikubadilika, ramani ya nyumba ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo wenye kujenga majumba, na wamo humu, nawaomba wawaachie wanawake kipande cha paa chenye ukuta wa kimo cha mtu, na asiyekipata aulize hospitali habari za vidonge vya vitamini D, ambavyo si ghali, wala asivimeze kwa kubuni, kwani vikizidi hudhuru.

Chakula cha mifupa kiko mikononi mwetu. Mtu mzima anatakiwa apate miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 apate 1,200. Na kikombe kimoja cha maziwa au cha mtindi kina karibu na 300. Asiyepata maziwa anayo dagaa, ambaye huliwa na mifupa yake, na mifupa ndiyo inayotakiwa. Hili hunitia uchungu kidogo: dagaa wa bahari yetu huchemshwa, huanikwa, hutiwa viroba, huuzwa hadi Kongo, na huku kwetu mwenye uwezo kidogo huona aibu dagaa kuonekana mezani kwake siku ya mgeni. Wakongo hawakukosea. Uji wa wimbi, ambao bara huitwa ulezi, una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika kila gramu 100 za unga, wakati mchele mweupe haufiki 30. Mchicha una kalsiamu, lakini una tindikali inayoifunga isichukuliwe yote na mwili, hivyo tuule kwa faida zake nyingine, na kwa ajili ya mifupa tutegemee zaidi sukuma wiki. Chumvi nyingi huitoa kalsiamu kwa njia ya mkojo. Na soda ina kosa moja kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba imekaa mahali pa maziwa: mtoto aliyekunywa chupa ya soda saa saba hana tena nafasi tumboni.

Sigara na ugoro na pombe nyingi hudhoofisha mifupa. Hayo mnayajua, na asiyeacha kwa mapafu yake sidhani kwamba ataacha kwa nyonga yake. Yasiyojulikana sana ni ya dawa. Dawa za jamii ya steroidi, kama predinisoloni, ambazo huokoa maisha ya wenye pumu na wenye baridi yabisi, zikitumiwa miezi mitatu na zaidi hula mifupa. Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi hupunguza mifupa kwa muda inapotumika. Na baadhi ya dawa za kifafa na za virusi vya Ukimwi zina athari kama hiyo. Nawasihi kwa kila lenye kusihiwa, asitoke mtu humu akaenda kuzitupa dawa zake, maana maradhi yanayotibiwa kwa dawa hizo huua upesi kuliko udhaifu wa mifupa. Aende kwa tabibu aulize kinga. Ninaowatoa katika huruma hii ni wale wanaojipaka krimu za kujichubua zenye steroidi kali mwili mzima miaka nenda miaka rudi. Wao hawakuandikiwa na mtu, na ngozi huipeleka ndani sehemu ya kile inachopakwa.

Sasa tuingie nyumbani, kwa kuwa mfupa dhaifu ambao haukuangushwa huenda usivunjike. Mkitoka hapa, kila mmoja aende chumbani kwa mzee wake akaifuate njia kutoka kitandani mpaka chooni, gizani, bila ya kuwasha taa, kama anavyoifuata yeye saa tisa ya usiku. Atakuta mkeka ulioinuka ncha. Atakuta waya wa feni. Atakuta kizingiti kilichopita kimo, na ngazi ya mawe iliyosuguliwa na nyayo za miaka 100 mpaka ikawa kama sabuni. Atakuta ndala zilizolika soli, ambazo mzee hataki kuzitupa kwa kuwa zimemzoea. Chooni atakuta saruji laini iliyolowa, hakuna pa kushika ila ndoo. Taa moja ndogo, kipande cha bomba kilichopigiliwa ukutani, na jozi ya viatu vyenye kushika chini ni gharama ndogo kuliko usiku mmoja wa hospitali. Na mzee mwenye kuona kizunguzungu akiinuka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda ahesabu mpaka ishirini. Pengine dawa yake ya presha imezidi, na hilo la kumwambia daktari.

Akivunjika, msimkande. Nyonga iliyovunjika hujulikana kwa mguu uliofupika na kugeukia nje, na maumivu yasiyomruhusu kusimama. Huyo hapakwi mafuta wala hanyooshwi, hubebwa juu ya ubao akapelekwa hospitali siku ile ile, kwa sababu aghalabu huhitaji kupasuliwa, na kila siku ya kulala humwongezea hatari ya mapafu na damu kuganda. Katika nchi zenye hesabu nzuri na hospitali tele, mmoja katika watano wa waliovunjika nyonga hafiki mwaka. Waganga wetu wa mifupa wana ustadi wao katika mkono wa kijana, nami nawaheshimu; nyonga ya ajuza si medani yao.

Na tiba ipo. Mashine za kupima unene wa mifupa ni chache katika nchi zetu, zimo katika miji mikubwa, lakini tabibu mwenye busara haingoji mashine kwa mtu aliyepita miaka 50 akavunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo tu: huyo amekwisha kupimwa na sakafu. Miongoni mwa dawa imo alendroneti, kidonge kimoja kwa juma, na kina masharti ambayo nimeona watu wazima wakiyadharau: humezwa asubuhi kabla ya chai na mkate, kwa gilasi nzima ya maji matupu, kisha mtu hakai kitandani tena kwa nusu saa, bali husimama au huketi wima, kwani kikirudi kooni huunguza.

Kila tarehe 20 Oktoba dunia huiadhimisha siku ya maradhi haya, na kwetu hupita kama siku nyingine. Sikuombeni maandamano. Naomba chaki. Msimamisheni mama yenu, au bibi yenu, wima kwenye mhimili wa mlango, visigino vikigusa mbao, mchore mstari juu ya utosi wake na mwandike tarehe. Kila baada ya mfungo wa Ramadhani mchore tena. Kisha mtafuteni nguo au picha ya ujana wake mjue alikuwa na kimo gani. Aliyepungua sentimita 4, au vidole viwili hivi, apelekwe kwa tabibu juma hilo hilo, hata kama haumwi na popote, hata kama anakwambieni yeye hana kitu.

Mama yangu mkubwa amekwisha kutangulia. Mabaibui yake yamo katika sanduku nyumbani kwangu, na wiki iliyopita nililitoa moja nikalifumua pindo nililipime: kidole cha kwanza kimeshonwa kwa uzi mweusi, na cha pili kwa uzi wa rangi ya buluu, kwa kuwa fundi, siku ile tulipokuwa tukicheka, alikuwa ameishiwa na mweusi.